Anayemfokea Mzee Shusha

Jina la Shusha alipewa kazini, likamganda mpaka mtaani. Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha chini ya winchi, zile mashine zenye mkono mrefu wa chuma zinazonyanyua mizigo kwenye majengo yanayopanda. Hakuwa mwendeshaji. Mwendeshaji hukaa juu kabisa, kwenye kibanda cha vioo, na mara nyingi hauoni mzigo unapotua. Anayeuona ni mtu wa chini, mwelekezaji, aliyesimama kwenye vumbi na kofia ngumu kichwani, mikono hewani, akitoa ishara: pandisha, simama, kulia kidogo, shusha. Mikono peke yake ingetosha, lakini mzee wetu hakuumbwa kunyamaza. Alipiga na kelele juu yake, "Shusha! Shusha! Shushaaa!" mpaka watoto wa shule waliokuwa wakipita nje ya uzio wakawa wanamwitikia.

Ukitembea naye mjini ilibidi uwe na subira. Kila kona angesimama na kunyoosha kidole. "Unaliona lile tangi juu ya ghorofa? Mimi nimelishusha pale. Na zile nguzo. Na ile ngazi ya zege." Ungedhani mji mzima ameujenga peke yake, na wahandisi walikuja kuleta maji ya kunywa tu. Basi, kuna mambo alikuwa akiyatia chumvi, sikatai. Ila kuna moja alilisema bila chumvi hata chembe, na waliofanya naye kazi wanalithibitisha: hakuna mzigo alioelekeza yeye ukamwangukia mtu. Alistaafu kichwa juu.

Kisha kikaja kiharusi. Chepesi, walisema madaktari, na kweli kilikuwa chepesi kwa jinsi wanavyopima wao. Mdomo uliolegea ulirudi mahali pake. Mguu ulirudi. Mkono wa kushoto ndio uliogoma, vidole vikawa vizito na vyenye kiburi, ukiviambia fungeni vinafikiria kwanza. Mtaalamu wa viungo akampa kampira ka kuminya. Mzee akakaminya mara chache, akaona anadhalilishwa, akakaficha nyuma ya mto wa kochi.

Lakini si mkono uliomuumiza. Kilichomuumiza ni sauti za watu. Tangu atoke hospitali kila mtu alizungumza naye kwa sauti ya wodini, ile ya chini, ya kubembeleza, inayovuta maneno. "Baabaa, umekunywa maaaji?" "Kaa mzee, kaa tu, usijisumbue." Hata jirani yake kinyozi, ambaye kwa miaka walikuwa wakibishana mpira mpaka karibu washikane mashati, sasa alikubali kila kitu. Siku moja mzee akamjaribu kwa makusudi, akamwambia kipa wao ndiye bora duniani, kipa ambaye wiki hiyohiyo alikuwa amefungwa goli la kizembe na mji mzima ulikuwa ukimcheka. Kinyozi akaitikia kwa kichwa, kwa upole: "Kweli kabisa, mzee wangu." Mzee Shusha akarudi ndani roho imemsinyaa. Mtu ukishaanza kukubaliwa hivyo, alijisemea, ujue wameshakuhesabu kuwa hupo.

Aliishi kwa mwanawe. Mwanawe huyo ni dereva wa malori ya masafa marefu, akija leo kesho kutwa hayupo, kwa hiyo nyumba hasa ilikuwa ya watu wawili: mzee na mke wa mwanawe. Mkwe huyu alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Aliondoka alfajiri, akarudi mchana na unga kwenye nyusi, na mfuko wa mikate iliyovunjika ambayo kiwanda hakiwezi kuiuza. Alikuwa mwanamke mchapakazi, mwenye jicho kali, na mwenye heshima iliyopitiliza. Hakumpinga mzee hata kwa neno. Hakupandisha sauti mbele yake. Akitaka kupita mbele ya televisheni aliomba radhi, na televisheni yenyewe imezimwa.

Ndani kulikuwa pia na kigemu, kimashine kidogo cha kuchezea michezo ya skrini, mali ya mjukuu, binti wa mkwe huyu. Binti huyo alipelekwa shule ya bweni ambako vitu hivyo haviruhusiwi, akamkabidhi babu: "Babu, nitunzie, na usiiache betri ikafa." Babu akalichukua agizo kwa uzito wa kazi. Kila siku alikichomeka kwenye umeme, akikilisha kama mbuzi, bila kujua kinafanya nini. Mpaka mchana mmoja, kwa uchovu wa kutazama ukuta, akakiwasha.

Kikafunguka palepale mjukuu alipoachia. Kulikuwa na ngome juu ya kilima na lango lake la mbao, na chini barabara zinazopinda. Majitu ya udongo yanapanda kwenye barabara hizo kundi baada ya kundi, yanataka kulibomoa lango. Kazi yako ni kujenga minara pembeni mwa njia. Mnara unapiga wenyewe, lakini hautoshi, wewe nawe inakupasa uingie katikati na rungu, upige, ukimbie ukatengeneze mnara uliopasuka, urudi upige tena. Mzee alimtembeza mtu wake kwa kidole gumba cha kushoto, kile kilichogoma, na mtu wake akaenda upande upande kama mlevi anayetafuta mlango. Lango likabomolewa. Akaanza upya. Likabomolewa. Kwenye skrini kukatokea maandishi: hatua hii yahitaji wachezaji wawili.

Mkwe aliporudi alimkuta amekunja uso, kigemu kimesimama juu ya meza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mwanangu, una mikono?"

"Ninayo, Baba."

"Njoo hapa."

Kile kigemu kina vishikio viwili vinavyochomoka pembeni. Mzee alishika kimoja, mkwe akashika cha pili akiwa bado na unga kwenye nyusi, wakakaa bega kwa bega kwenye kochi, kitu ambacho hawajawahi kufanya tangu harusi. Mkwe aliona aibu, akakaa ukingoni kabisa, nusu yake iko hewani.

Wakapigwa. Wakapigwa na siku iliyofuata. Na wiki nzima ikapita wanapigwa tu, kila mchana baada ya chakula, na si kwa sababu ya kidole cha mzee peke yake. Yeye alikuwa na tatizo lake: alijenga mtambo wa kurusha mawe juu ya njia, halafu akakataa katakata kupita chini yake. Mtambo unaning'iniza jiwe kubwa, na mtu hapiti chini ya mzigo unaoning'inia, hata mtu wa kwenye gemu. Akawa anazunguka mlima mzima, na kabla hajafika majitu yameshafika. Hilo likatatuliwa kwa kuujenga mtambo mbali na njia. Tatizo lililobaki lilikuwa la mkwe, na lilikuwa gumu zaidi.

Mkwe aliona kila kitu. Kazini kwake mikate hupita kwenye mkanda, na yeye ndiye anayechomoa iliyoungua bila hata kukatisha mazungumzo. Wakati mzee amezama kwenye vita vya mbele ya pua yake, mkwe alishaliona jitu linalonyemelea nyuma. Ila kumwambia ndiyo ilikuwa kazi.

"Baba, samahani," angeanza, "kama hutajali, nilikuwa naona, labda ingekuwa vizuri, kama utaweza lakini, ugeuke kidogo upande wa..."

Kraa! Lango chini.

"Upande gani?" mzee angeuliza.

"Kushoto, Baba. Samahani sana, Baba."

Siku moja, lango likiwa limeanguka kwa samahani ya aina hiyo, mzee akaweka kishikio mezani. Akamtazama mkwe wake kama alivyokuwa akiwatazama vijana wapya kwenye ujenzi.

"Mwanangu, kule kazini kwangu kulikuwa na mwendeshaji mtu mzima, sawa na baba yangu. Mimi kijana mdogo. Asubuhi namwamkia, mchana namletea chai. Lakini akishapanda juu na mzigo ukishanyanyuka, nilikuwa namfokea kama mtoto. Kwa nini? Kwa sababu ninayeuona mzigo ni mimi. Sasa hapa anayeuona mzigo ni wewe. Nifokee."

"Baba! Siwezi kukufokea."

"Basi tutapigwa mpaka mjukuu wangu amalize shule."

Akajaribu. Mara ya kwanza alinong'ona "kushoto," akainamisha kichwa. Mara ya pili akasema "kulia, Baba," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Mzee akawa anamhimiza, "Zaidi! Mwendeshaji yuko juu kule, hakusikii!" Mpaka siku moja jitu kubwa lilipomjia mzee mgongoni na yeye amesimama tu anahangaika na kidole, kitu kikamkatika mkwe ndani, akaachia:

"We mzee, toka hapo!"

Mzee akatoka. Jitu likapiga hewa, mnara ukalimaliza, lango likasalimika. Lakini mkwe alikuwa ameshatupa kishikio, mikono yote miwili mdomoni, macho yamemtoka. "Baba, nisamehe. Baba, sijui nimepatwa na nini."

Mzee Shusha alikuwa anatetemeka. Mkwe akadhani ni ugonjwa umerudi, akanyanyuka atafute simu. Kumbe ni kicheko. Kilimshika mbavu, kikamtoa machozi, akawa anapiga goti lake kwa ule mkono wa kushoto bila kujua anautumia. Tangu kiharusi hajacheka hivyo. Na tangu kiharusi hajafokewa, na hapo ndipo alipoelewa alichokuwa anakikosa.

Kuanzia mchana huo wakawa moto wa kuotea mbali. Mkwe akifika tu, salamu zote anazitoa kamili, shikamoo na habari za tangu asubuhi, anampakulia, anamnawisha. Kisha vishikio vikishachomolewa, heshima inawekwa pembeni. "Rudi nyuma! Mnara wa kati! Sio huo, wa kati! Unalala, Baba?" Na mzee anarudi, anakimbia, anajibu "Nimesikia!" kwa sauti yake ya zamani iliyofika mpaka kwa kinyozi. Wakalinusuru lango moja, wakalinusuru la hatua ya pili, wakafika lango la mwisho kabisa, lile ambalo hata mjukuu hakuwahi kulinusuru. Mzee akalala usiku akiwaza minara. Kidole gumba kikawa kinatii. Asubuhi alijifunga vifungo vya shati mwenyewe, hakumwambia mtu, akasubiri mkwe aone. Mkwe akaona mara moja. Alitabasamu tu akiwa amegeukia sufuria, na mzee akavimba siku nzima.

Ndipo binti mkubwa akapiga simu.

Binti mkubwa wa mzee anauza mapazia katika mji mwingine, na ana moyo wa dhahabu, ila akishaamua jambo ni kama gari lisilo na breki. Alikuwa ameamua. Baba atahamia kwake. Chumba kipo tayari, mapazia mapya, dada wa kumhudumia ameshapatikana, hatanyanyua hata kikombe. Mwishoni mwa wiki anakuja kumchukua. "Na wifi yangu naye apumzike," alisema. "Kazi ya kiwandani, na mgonjwa ndani, ni mzigo mkubwa."

Mzee akalimeza neno mzigo kama dawa chungu. Akasema sawa mwanangu, asante. Alipokata simu akamweleza mkwe.

Mkwe alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja shati lilelile, akalikunjua, akalikunja tena. Ndani yake kulikuwa na maneno tele, lakini hayo ni mambo ya baba na binti yake wa kumzaa, na yeye ni nani wa kuingilia? Akasema, "Sawa, Baba. Kama wameona hivyo ni vizuri."

Mzee akatikisa kichwa taratibu. Kwa hiyo kweli nilikuwa mzigo, akawaza. Maskini, alivumilia bila kulalamika. Akaingia chumbani, akaanza kupanga nguo zake kwenye begi kwa mkono unaofunga vifungo sasa, na ukimya ukaingia kati ya watu wawili waliokuwa wakifokeana kila mchana. Siku tatu nne hawakucheza. Kila mmoja alimwona mwenzake ameridhika.

Siku ya safari mkwe alikuwa na mapumziko. Asubuhi begi likasimama mlangoni. Wakakaa kwenye kochi wakingoja gari, huyu anatazama vidole vyake, huyu anatazama mlango. Mzee ndiye aliyeshindwa kwanza.

"Lile lango," alisema. "Tunaliacha hivyo?"

Mkwe alichomoa vishikio, akampa kimoja.

Sijui kama waliwahi kucheza vizuri kama asubuhi ile. Majitu yalikuja makundi kwa makundi, yakakuta minara imesimama inapopaswa kusimama. Mzee alijenga, mkwe akamwelekeza, marungu yakafanya kazi yake. Kundi la mwisho likaanza kupanda. Wala hawakusikia gari nje. Hawakusikia hodi. Binti mkubwa alisukuma mlango, mkoba begani, tabasamu usoni, sauti ya wodini tayari mdomoni, na alichokutana nacho ni hiki:

"Kushoto, Baba! Kushoto, nimesema! We mzee, utaniangushia ngome!"

"Wifi!"

Nyumba nzima ikasimama. Mkwe aligeuka, akamwona, kishikio kikamponyoka. Uso ulimbadilika rangi.

"Hivyo ndivyo unavyozungumza na baba yangu?" Binti mkubwa alimnyooshea kidole. "Mgonjwa? Hivi ndivyo anavyoishi humu? Na mimi nilikuwa nakusifu kwa watu!"

Kwenye skrini mtu wa mkwe alikuwa amesimama mikono chini, na majitu yakampita kama hayupo. Mzee alipambana peke yake, akakimbia huku, akakimbia kule. Lango likaanguka.

Mzee Shusha akainuka. Aliinuka bila kushika kochi, na wote wawili wakaliona hilo.

"Nani amekuambia ukatishe kazi?" alimwuliza binti yake.

"Baba, nime..."

"Watu wako chini ya mzigo, wewe unapiga kelele mlangoni! Umetuangushia lango!" Ilikuwa ndiyo sauti yenyewe, ile iliyokuwa ikiwafikia waendeshaji kwenye vibanda vya vioo. Binti mkubwa alirudi nyuma hatua. Alikuwa hajaisikia tangu hospitali, na huenda alishaizika.

"Lakini anakufokea, Baba."

"Ananifokea, ndiyo! Nimemfundisha mwenyewe, na anajua kuliko mimi nilivyojua. Mtoto wangu, mtu anafokewa pale anapohitajika. Tangu niugue mnanizungumzisha kama maiti anayepumua. Huyu peke yake ndiye anayenidai nikimbie." Akanyanyua mkono wa kushoto, akaufunga ngumi mbele ya macho ya binti yake, akaufungua, akaufunga tena. "Huu unauona? Ameufungua yeye kwa kelele zake."

Binti mkubwa aliutazama ule mkono. Mkoba ukamshuka begani. Aliposema tena, sauti ya wodini haikuwepo. "Basi unataka nini, Baba? Sikukuuliza. Nakuuliza sasa. Tuondoke, au?"

Na mzee yule ambaye hajawahi kukosa neno akakosa. Angesemaje anataka kubaki, mbele ya mwanamke aliyekwishasema ni vizuri aende? Akamgeukia mkwe wake.

"Mwanangu, mimi hapa nilipo sioni. Anayeona ni wewe. Sema, ila usiniambie samahani, na usiniambie wameona hivyo ni vizuri. Nielekeze."

Mkwe alitazama begi mlangoni. Akamtazama wifi yake. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hakuyafuta. Akavuta pumzi kama mtu anayetaka kufika juu kabisa ya ghorofa.

"Baki!" alisema, na neno likagonga kuta. "Baki hapa, Baba! Usitoke!"

Mzee Shusha akamgeukia binti yake, mabega yamenyooka, uso umejaa majivuno ambayo hakuna tangi wala nguzo iliyowahi kumpa.

"Umesikia?" alisema. "Nimeamriwa."